Waliombebea Festo Mligo

Saa nne asubuhi, ndege ikiwa katikati ya bahari ambapo kurudi na kuendelea ni sawasawa, abiria wa 14F aliuma mkono wake mwenyewe ili asipige kelele.

Mwasiti Shekalaghe alikuwa akisukuma kitoroli cha chai. Aliiona damu kwenye kifundo cha mkono kabla hajauona uso, na alipouona uso alijua. Wahudumu wengine walifundishwa kuitambua sura ile darasani, kwa picha. Yeye aliifahamu kwa mumewe.

"Kizibo chako kimezima," alimwambia.

Kijana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, shati limepigwa pasi kwa heshima ya safari. "Tangu tulipoiacha pwani," alisema. "Nilidhani kitawaka, dada. Sikutaka kusumbua watu."

Kizibo ni kidude kidogo kama punje ya hindi. Hupandikizwa kwenye uti wa mgongo kikazuia maumivu yasifike kichwani, na kikifanya kazi vizuri mwenye nacho husahau kama aliwahi kuumia. Kikizima, yote yaliyozuiwa humwagika kwa pamoja. Tena mtu mwenye kizibo hachomwi sindano ya kutuliza, maana dawa na kizibo vikikutana moyo husimama. Kwa ajili ya watu kama hao, sheria ilizitaka ndege zote za safari ndefu ziwe na mgawo.

Leokadia alishafika na kupiga magoti kwenye ujia. Huyu ni mhudumu mdogo, mwezi wake wa nne kazini, na bado alikuwa na mikono inayowahi kabla ya kichwa. Alishamshika kijana kiganja, alishamfuta jasho kwa leso yake mwenyewe, alishamwambia, "Pole kaka yangu, hatutakuacha."

Mwasiti alisimama akiwatazama. Ndani ya kifua chake kitu kilijikunja, na kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyejidanganya alikijua kwa jina lake. Ulikuwa wivu. Alimwonea wivu mtu aliyekuwa akitokwa na machozi ya maumivu, kwa sababu alikuwa ameshikwa mkono.

"Dada Mwasiti," alisema Leokadia, "tufungue mgawo?"

"Naenda," alisema.

*

Kila kiti kilikuwa na kibao cha chuma kwenye egemeo la mkono. Ukikiweka kiganja hapo, unapokea kipande cha maumivu ya mgonjwa, na kipande hicho kinamtoka yeye. Watu sitini wakiweka viganja, mgonjwa huvumilia. Wakiweka mia mbili, kila mmoja husikia kama siafu kamuuma begani, basi. Lakini wakiweka kumi ni kujitesa bure, mgonjwa hapati nafuu na wao hawalali wiki nzima. Wala hakuna anayelazimishwa. Sheria ilisema maumivu ya mtu hulishwi kwa nguvu.

Yote hupita kwanza kwa mtu mmoja anayeitwa mlango. Kwenye ndege ile mlango alikuwa mhudumu mkuu, Mwasiti mwenyewe. Kiti chake kilikuwa mbele, karibu na jiko, chenye kibao kikubwa kama sahani na kioo chenye taa ndogo za kijani, taa moja kwa kila kiganja kilichowekwa. Mlango akiinua mkono, mgawo umekwisha.

Palikuwa na sharti moja. Kabla ya kuomba viganja, mlango hutaja mambo matatu kwenye kipaza sauti: jina la mgonjwa, kwao, na anachokwenda kufanya. Hata rubani angekuwa na haraka gani, hayo matatu hayarukwi.

Sharti hilo halikuwepo miaka saba iliyopita, Hoza Shekalaghe aliposafiri njia hii hii na kizibo chake kikazima. Siku ile mhudumu mkuu alisema, "Abiria wa kiti thelathini na moja C anahitaji msaada wa mgawo," akarudisha kipaza sauti mahali pake. Ziliwaka taa kumi na moja. Moja ilikuwa ya mkewe. Watu walishusha vifuniko vya madirisha. Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele aliomba aongezewe juisi. Hoza alikufa saa mbili kabla ya kutua, na Mwasiti akabaki amekaa naye, mkanda umefungwa, mpaka wote wameshuka.

Mwaka uliofuata aliomba kazi kwenye shirika lile lile. Ndugu walimsifu, wakasema anakwenda kuwaokoa wengine ili roho ipoe. Aliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba alitaka kuwa pale litakapotokea tena, awaone watu kwa macho yake wakishusha madirisha, apate uhakika kwamba ndivyo binadamu walivyo na kwamba Hoza hakuwa na mkosi wa peke yake. Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu hata hilo kovu alikuwa hajalifunika.

Akachukua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, abiria wa kiti kumi na nne F anahitaji msaada wa mgawo. Mwenye kupenda aweke kiganja kwenye kibao. Asanteni."

Akakirudisha mahali pake.

Baadaye angeweza kusema ulimi hauna mfupa. Mimi nakwambia hakuteleza. Orodha ya abiria ilikuwa mbele yake, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, na alilisoma kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Alimnyima jina hilo makusudi. Alitaka kijana huyu apewe kile kile alichopewa mumewe, si zaidi.

Taa ziliwaka tisa.

Alizihesabu, na raha mbaya ikampanda kooni. Tisa. Hata kumi na moja hazikufika. Aliona kifuniko cha dirisha kikishushwa mstari wa kumi na mbili.

Leokadia alikuwa amegeuka anamtazama kutoka kwenye ujia, mdomo wazi. Hapo mama mmoja wa kiti cha 14E alijishika kwenye kiti cha mbele na kusimama. Alikuwa mtu mzima, kitambaa cheupe kichwani, miwani mizito ya mtu anayekwenda kutibiwa macho.

"Dada, samahani," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea kanisani bila kipaza sauti. "Huyu mtoto ana jina."

Watu waligeuka.

"Mimi naitwa Asumpta Haule. Miaka saba iliyopita, njia hii hii, nilipanda ndege iliyotaja namba. Namba ikatajwa, na mimi mkono wangu ukawa chini ya blanketi. Nilijiambia wapo wengine. Yule mtu akafa." Alivuta pumzi. "Huyu anaitwa Festo Mligo. Kwao Ludewa. Alivunjika mgongo machimboni, anakwenda kutengenezwa ili ambebe mwanawe. Mtoto ana miaka miwili na hajawahi kumbeba. Tumekula wote asubuhi, amenipa yai lake. Sasa kama mnataka kumwacha mwacheni, lakini mwacheni Festo, msiache kiti."

Mwasiti alishika ukingo wa meza ya jiko. Kwa hiyo mama huyu alikuwa ndani ya ndege ile ya Hoza. Alikuwa ametafuta nyuso zile miaka saba kwenye foleni za kupandia, na moja imekaa 14E ikila yai.

Taa zikaanza kuwaka. Kwanza mstari wa kumi na nne wote, kisha nyuma, kisha kundi la wafanyabiashara wa vitenge waliojaza mistari sita na waliokuwa wakigombea mahali pa mabegi tangu Songwe. Mmoja wao aliweka kiganja, akasikiliza, akasema, "Nipeni tu, mimi nimezaa wanne," na wenzake wakacheka, wakaweka na wao. Dirisha la mstari wa kumi na mbili likafunguliwa. Thelathini, themanini, mia na hamsini. Zilifika mia mbili na tatu.

Na Mwasiti, mlango, ilimbidi akae kitini na kuweka mkono.

*

Maumivu yalimpitia kama maji ya moto kwenye bomba jembamba. Hilo alilitegemea. Lipo jingine ambalo watengenezaji wa mgawo hawakuliandika, ila wahudumu wanaambizana: kati ya mlango na mgonjwa hupita pia hali ya moyo, jinsi harufu ya mchuzi inavyopita ukuta wa jirani. Huoni sura wala husikii maneno, lakini unajua nyumba ile leo wanakula nini.

Festo Mligo alikuwa na furaha.

Mgongo ulikuwa unawaka, ndiyo, lakini chini ya moto ule palikuwa na mshangao wa mtu aliyejiona si kitu na sasa anaona watu mia mbili wamemwinamia. Walimlaza kwenye viti vitatu. Bi Asumpta na wa 14D walihamia kwenye viti vya kukunja vya wahudumu bila kuombwa. Walimletea blanketi na mito mpaka Leokadia akawaambia inatosha jamani. Wale wa vitenge walimkunjia doti mpya chini ya kichwa, doti ya kuuzwa. Rubani alisema kwenye kipaza sauti kwamba anaongeza mwendo, na kwamba yeye na msaidizi wake wanapokezana kiganja. Msiba wa wengi ni harusi, wanasema, na kweli palianza kunukia harusi.

Mwasiti alikaa na mkono wake juu ya chuma, akaona wivu hadi meno yakamuuma. Hakumchukia kijana. Laiti angemchukia ingekuwa rahisi. Alitamani tu kila kitu alichopewa, blanketi kwa blanketi. Alitamani ile doti ingekuwa chini ya kichwa cha Hoza. Alitamani hata ile "pole kaka yangu" ya Leokadia, ambayo msichana angempa mtu yeyote. Mumewe alikufa akimwomba radhi yeye kwa kumsumbua.

Saa ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili.

Lakini wema nao huchoka. Siafu mmoja begani ni mzaha kwa dakika kumi. Kwa saa mbili si mzaha tena. Waliokwenda chooni hawakurudisha viganja. Wengine walisinzia, mikono ikateleza. Mia mbili na tatu zikawa mia na arobaini, kisha tisini, na ilipobaki robo tatu ya saa kufika, kioo kilionyesha sitini na nne. Kadiri taa zilivyozima, bomba lilizidi kuwa jembamba. Saa ya mkononi ya Mwasiti ikaanza kulia kwa mlio mdogo. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yamevuka mia na thelathini.

Leokadia alikuja mbio na glasi ya maji. Aliinama akaisoma saa ile.

"Umepita kiwango, dada," alisema. "Mwongozo unakuruhusu kuinua mkono."

"Najua."

"Mimi sijapasishwa kuwa mlango. Ukiinua wewe..."

"Hilo nalo nalijua, Leo."

Ruhusa ilikuwapo, imeandikwa, ina muhuri. Hakuna ambaye angemlaumu. Angeinua mkono kwa sababu za afya, na Festo Mligo angekufa dakika arobaini kabla ya kutua akiwa amezungukwa na mito. Ingekuwa sawasawa basi. Zaidi ya sawasawa, maana safari hii wote wangejua jina lake na lingewakaa shingoni. Vidole vyake viwili vilishanyanyuka, hakujua saa ngapi.

"Ameniuliza kitu," alisema Leokadia kwa sauti ya chini. "Ameniuliza ni nani humu ndani anayemchukia. Anasema anamsikia tangu mwanzo. Nikamwambia hakuna."

Mwasiti alikunywa maji kwa mkono wa kushoto. Yalimwagikia kifuani.

"Mwambie simchukii," alisema. "Mwambie ninamwonea wivu."

Msichana akaenda kweli, akaenda kumwambia. Mwasiti alimwona akiinama na akamwona kijana akifungua macho. Akarudi.

"Anasema kama ni hilo tu, endelea kuona wivu. Anakuomba usiachie."

Wakati huo huo kupitia chuma likamfikia jambo jingine la Festo, zito kuliko furaha yake. Lilikuwa hofu, na ndani ya hofu alikuwamo mwanamke. Hakuwa na sura wala jina. Alikuwa tu uzito wa mtu anayengoja nyumbani, ambaye hajaambiwa, ambaye kesho angeweza kuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akishika shati lililopigwa pasi.

Mwasiti aliujua ukingo ule wa kitanda, na akashangaa mwenyewe kwa kilichomjia. Huruma haikuwepo, bado ulikuwa wivu ule ule, ila umegeuka upande. Uchungu ule ulikuwa wake. Aliulea miaka saba, aliufahamu kona zote, na hakutaka mwanamke mwingine aupate, wala wa Ludewa wala wa wapi.

Akavirudisha vidole viwili kwenye chuma.

"Nenda kawaamshe," alimwambia Leokadia. "Kwa majina. Orodha ile pale."

Leokadia alipita ujia mzima na orodha, akiwaita mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu, na wale wa vitenge wakamsaidia kwa makelele na utani, wakiwauliza wanaume kama wanasubiri wabebwe na wao. Sabini na tisa. Mia na mbili. Mia na kumi na nane. Hazikufika tena mia mbili, lakini zilitosha. Mwasiti alifumba macho na kuwaonea wivu wote wawili, Festo na mkewe, mpaka magurudumu yalipogusa ardhi ya Chennai.

*

Machela ilishuka kwanza. Festo alikuwa amelala, doti ya kitenge bado chini ya kichwa chake; mwenye doti alikataa kurudishiwa. Abiria walisimama wakisubiri apite, na wengine walimgusa miguu.

Leokadia alikuja jikoni na kibao cha ripoti. Hakujua amtazame wapi.

"Dada, hapa wanauliza tangazo lilitolewa vipi. Niandike nini?"

"Andika nilichosema."

"Watakusimamisha kazi."

"Andika, mdogo wangu. Namba na yote. Usiweke kwamba nilikuwa nimechoka."

Leokadia aliandika. Mkono wa kulia wa Mwasiti ulikuwa umekufa ganzi, hivyo alisimama mlangoni akiwaaga abiria kwa wa kushoto, jambo ambalo kwa kawaida lisingekubalika.

Bi Asumpta alikuwa karibu na wa mwisho, akitembea polepole kwa sababu ya macho yake, mkoba begani. Alisimama mbele ya Mwasiti akamshika mkono ule wa ganzi.

"Mwanangu, unisamehe nilivyokusemesha mbele za watu. Niliogopa."

"Ulifanya vizuri, mama."

"Sijui kama ni vizuri. Unajua, yule wa safari ile sikuwahi kulijua jina lake. Nilikwenda mpaka ofisini kwao kuuliza, wakasema ni siri ya familia. Basi kila Jumapili namwombea hivyo hivyo. Mungu, mpumzishe thelathini na moja C." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Padri aliniambia Mungu anaelewa. Lakini mimi nasikia vibaya. Leo angalau roho yangu imetua kidogo."

Mwasiti alimsikia, na kitu kile kikajikunja tena kifuani. Hata huyu sasa anatua. Hata huyu, mwenye mkono chini ya blanketi, anakwenda zake na nafuu. Jina lile lilikuwa kitu pekee cha Hoza ambacho watu wale hawakuwahi kukigusa, kwa kuwa hawakukiuliza siku ile, na yeye alikuwa amelificha kwa watu wote wa kazini. Angeweza kutabasamu na kusema safari njema. Alifungua mdomo kusema hivyo.

"Hoza," alisema.

"Ehe?"

"Anaitwa Hoza Shekalaghe. Kwao Mlalo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa anakwenda kutibiwa ili aweze kusimama ubaoni siku nzima."

Bi Asumpta alilirudia jina polepole, mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha macho yake yaliyofifia yakahangaika kwenye kifua cha Mwasiti, yakitafuta kibati cha jina, yakashindwa kukisoma.

"Wewe umemjuaje, mwanangu?"

"Nilikuwa kiti cha pembeni yake, mama. Thelathini na moja B."

Mkoba uliteleza begani kwa Bi Asumpta ukaanguka. Hakuuokota. Alikuwa bado ameushika mkono wa Mwasiti, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakasimama, wakasubiri.